Bao la Kiboko

Mwituni bao lilikuwa moja tu, la Kiboko, na wanyama walilipenda kupita kiasi. Kila msimu Kiboko alilipaka rangi, akaziba mashimo mawili, kisha akajigamba, "Bao jipya hilo!"

Ngiri akafoka, "Mzee Kiboko, turudishie mashimo yetu!"

"Bila mimi hamchezi," akajibu Kiboko, akalikalia. Bao likapasuka.

Wote wakashika vichwa. Muhanga, mchimbaji asiye na maneno mengi, akauliza, "Kwani mnalilia ubao au mchezo?" Akafukua mashimo thelathini na mawili ardhini. Wakaokota komwe, wakacheza.

Jioni Kiboko akaja taratibu. "Na mimi nicheze?"

"Karibu, mzee," akajibu Ngiri. "Hili hata ukilikalia, tutachimba jingine."