Jamaa wa Mpimaji

Sheria ilisema kila anayepima unyevu wa shehena ya madini, jamaa yake mmoja asafiri nayo. Safari ile Somoe, mpimaji bandarini Mtwara, alimtoa mumewe, Chitanda. Madini yalikuwa yamenyeshewa, na yakilowa hugeuka tope ndani ya meli na kuipindua. Somoe aligoma kusaini kibali cha kupakia mpaka yalipokaushwa.

Chitanda alirudi salama. Mabaharia wote walifuatana naye hadi nyumbani.

"Mama, tuko hai kwa sababu yako," walisema.

Somoe alilia kwa furaha, akawapakulia wali.

Walipoondoka, binti yake Rukia alisema, "Baba apumzike sasa. Meli ijayo nitakwenda mimi."

Somoe alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa mtoto jasiri. Lakini mikono yake ilikataa kumwachia.