Kwaya ya Baa ya Nduku

Hii hutaamini. Siku hizi kila jioni ukuta wa nyumbani humwonyesha mzazi, kwa picha ya moja kwa moja, mahali mtoto wake alipo, hata mtoto mwenye ndevu. Ndiyo maana baa ya mashoga ya Nduku, tamu kuliko zote mtaani, ina kwaya. Simu ya Mwendwa ilipolia kuonya kwamba ukuta wa kwao unawashwa, wacheza densi walijipanga safu, mawigi yakaingia chini ya kaunta, wimbo wa kanisa ukaanza. Mwendwa akasahau kuuachia mkono wa Odera, mpenzi wake.

"Huyo uliyemshika anaimba vizuri," mama yake Mwendwa akasema simuni, macho ukutani. "Amekula?"

"Bado, mama."

"Mlete Jumapili." Kisha akanong'ona, "Baba yako anaingia. Imbeni."

Mkono wa Odera ulikuwa bado mkononi mwa Mwendwa. Wewe ungeuachia?