Ncha ya Mpira

Muuguzi aliyejitolea kuwafundisha wenzake alinyanyua mpira wa mkojo, akawatazama, kisha akamwita rafiki yake wa siku nyingi. "Shosti, njoo utuonyeshe wewe."

 Chumbani hapakuwa na asiyejua kwamba mwezi uliopita mama mzazi wa mwalimu huyo alifia katika wodi yao, kwa maambukizi yaliyopitia mpira kama huo, na kwamba aliyemwekea alikuwa huyo rafiki. Tangu mazishi walikuwa wakisalimiana tu na kupishana.

Rafiki alisogea kwenye sanamu la kufundishia. Alinawa, akavaa glavu safi, akaushika mpira.  Ncha ikagusa shuka, kidogo tu, upande ambao wengine hawakuweza kuuona.

Angeweza kuendelea. Siku ile wodini, wagonjwa wamejaa na yeye yuko peke yake, huenda ndivyo alivyofanya. Hata mwenyewe hakuwa na uhakika, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Ncha imegusa shuka," alisema.

"Nimeona," alijibu mwalimu, aliyekuwa amesimama upande huohuo. "Hapo tunafanyaje, dada yangu?"

"Tunautupa."

Aliutupa, akavua glavu, akarudi kunawa. Alisugua hadi katikati ya vidole huku machozi yakidondokea kwenye sinki.

Mwalimu alichukua pakiti nyingine, akaenda kusimama karibu naye.

"Taratibu," alimwambia. "Leo hakuna anayekukimbiza."