Zamda na Siwema na Tabia

Siku hizi ndugu huitwa kupitia Jedwali, mtambo wenye majina ya watu wote: unaandika majina, na anayepatikana huletwa mlangoni. Mchana wa Idi, Mama alitandika sahani tano, akaniagiza niwaite dada zangu watatu. Nikaandika: Zamda na Siwema na Tabia.

Akaja mwanamke mmoja, mwenye kovu la Zamda, mwanya wa Siwema na kicheko cha Tabia.

“Wewe nani?” nikafoka.

“Kaka naye! Si umeniita mwenyewe? ‘Na’ hutafuta mtu mmoja mwenye majina yote. Ungetaka watatu, ungeandika ‘au’, limlete kila mwenye jina mojawapo.”

Mimi, mtunga mashairi, nishindwe na neno moja! Nikayaandika upya majina kwa “au”, mara kumi. Kila mara Jedwali lilijibu: ni huyo mmoja tu, yupo nyumbani tayari.

Mama alimkumbatia, kisha akarudisha sahani mbili kabatini.