Sakafu ya Bibi Ursula

Toroli la zege lilifika mlangoni likamkuta Bibi Ursula amekaa chini, palepale kizingitini, miguu ameinyoosha, hatoki.

Nyumba yenyewe ni ile ya zamani ya ukoo wao, huku Bugwema, ya mviringo, udongo na nyasi. Kijiji kimesema itunzwe, watu waje kuiona. Ukuta wameuacha, paa wameliacha, lakini jamani, sakafu ndo wakataka kuimwagia zege!

"Bibi, tupishe," akasema injinia aliyekuja na toroli. "Zege linaganda hili."

"Ligande hukohuko kwenye toroli. Hapa mama yangu alikuwaga anasiriba mavi ya ng'ombe na mkono wake. Hebu angalia."

Injinia akachungulia. Kweli, chini kulikuwa na alama za vidole, mkunjo juu ya mkunjo, kama magamba ya sato, toka ukutani mpaka kwenye mafiga.

"Nzuri, Bibi. Lakini hii inatakaga kusiribwa kila mara. Wewe ukiondoka, nani ataisiriba?"

Watoto wa bibi wote wako Musoma mjini, kwenye nyumba za vigae. Akaangalia ndoo yake ya samadi aliyoiweka pembeni, akaangalia viatu vya yule injinia, vyeusi, vinang'aa.

"Vua," akamwambia.

Wabeba zege wakacheka. Injinia hakucheka. Akavua, akakunja suruali, akapiga magoti, akatumbukiza mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko, akauburuza sakafuni.

"Mjukuu wangu, mbona umekaza kama unakamua ng'ombe?" bibi akasema, akisogea kumpisha. "Legeza mkono. Anza tena."