Joto la Mtu Mmoja

Mkaguzi alipotea pamoja na mto wa kiti.

Jambo hilo la mto ndilo lililowashangaza majirani. Mzee wa miaka sabini na nane ameondoka bila fimbo wala kofia, miwani ameiacha mezani, lakini mto wa kiti alichokuwa amekalia haupo.

"Labda ametafuta pa kulala," alisema mama wa nyumba ya pili. Hakuna aliyecheka.

Binti wa mzee alisimama uani, mikono kifuani. Alikuwa mshonaji, mwanamke mwepesi wa maneno, lakini jioni hiyo kila aliyemuuliza kilichotokea alimjibu, "Sijui, sijui tu." Alijua.

Mchana walikuja wageni, walimu wanne wastaafu ambao Mkaguzi aliwahi kuwakagua madarasani, enzi hizo wakitetemeka mbele ya suruali yake iliyopigwa pasi hadi mkunjo ukawa kama wembe. Walikumbushana, wakacheka, wakanywa chai vikombe vitatu vitatu. Walipoinuka kuaga, mzee alibaki kitini.

"Baba, wageni wanaondoka."

"Nimewaona. Mwende salama, jamani."

"Simama basi uwasindikize."

"Niache kidogo, mwanangu."

"Baba!"

"Nimesema niache."

Binti aliona uso unamwaka mbele ya watu. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Miaka yote umefundisha watu adabu, leo imekuishia wewe mwenyewe?"

Wageni walitazama viatu vyao. Aliwasindikiza hadi barabarani, akiwaomba radhi njia nzima. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hayo yalikuwa ya saa tisa. Kufikia saa kumi na moja, nusu ya mtaa ilikuwa imejaa uani. Walikwisha kupita zahanati, sokoni na kituo cha mabasi. Ndipo mtu akamkumbuka Kipanga.

Kipanga alikuwa fundi wa droni katika mashamba makubwa ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kuyatazama mazao kutoka juu. Mmea wenye kiu ulimwonyesha shida yake siku kadhaa kabla majani hayajanyauka, na bomba linalovuja chini ya udongo alilijua bila mtu kushika jembe. Alikuja na sanduku lake, akaipanga mitambo juu ya beseni lililopinduliwa.

"Kamera hii haifuati mwanga," aliwaambia waliomzonga. "Inafuata joto. Kila kitu kinatoa joto lake, hata jiwe. Chenye joto nakiona cheupe, kilichopoa nakiona cheusi. Leo kuna wingu, mabati yamepoa, ni bahati yetu. Ila haioni kupita kwenye paa wala ukuta, kwa hiyo msinidai miujiza."

Droni ikapaa wima juu ya nyumba, ikivuma kama nyuki. Kipanga aliinamia skrini. Akakuna kidevu, akainua macho kumtazama binti, kisha akaipeleka droni kwenye vichaka vya nyuma ya mtaa.

"Huyo! Huyo mweupe!" kijana mmoja alipaza sauti juu ya bega lake.

"Huyo ana miguu minne," Kipanga alijibu. "Mwite kama ataitika. Na nyie mlioegemea ukuta ule, tokeni. Joto lenu linanichanganya."

Watu wakasogea. Kipanga akamwita binti kando.

"Dada, mzee alikuwa anaumwa?"

"Hapana."

"Mligombana?"

"Mimi ndiye niliyegomba. Tena mbele za watu. Yeye aliniomba nimwache tu." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Fundi, kama yu hai, nitampigia magoti mbele ya wale wale walionisikia."

Kipanga aligeuka, akapiga makofi mara mbili.

"Sikilizeni! Nendeni mtoni, kule kwenye mianzi. Wote. Asibaki mtu hapa, hata kina mama. Piteni ukingo mzima mkimwita."

"Umeona nini?"

"Nendeni kwanza. Nitawaelekeza kwa simu."

Waliondoka mbio, kandambili zikipiga vumbi. Mtoni! Binti alipotaka kuwafuata, Kipanga alimshika mkono wa gauni.

"Wewe baki. Pasha maji, ndoo nzima. Tafuta sabuni, taulo na suruali kavu."

Alipasha maji huku akisali sala zisizofika mwisho. Kabatini alichagua suruali ya kijivu aliyomshonea mwenyewe, akaiangusha mara mbili. Aliona jinsi baba yake atakavyotolewa majini mbele ya umati, na yeye amesimama pale na taulo, na kila mtu akijua ni neno lake lililompeleka.

Alipotoka na ndoo, ua ulikuwa mtupu. Kwa mbali watu waliita, "Mkaguzi! Mkaguzi!" Lakini mvumo wa droni haukutoka mtoni. Ulikuwa juu ya kichwa chake.

Kipanga alimgeuzia skrini, yeye mwenyewe akatazama pembeni.

Binti aliona paa la nyumba yao, jeusi. Nyuma yake aliona chumba cha nyongeza ambacho hakijaezekwa, ambacho mlango wake walikuwa wameuziba kwa bati lililoegeshwa tu tangu mafundi waondoke. Ndani, kwenye kona, alikaa mtu mmoja amejikunyata. Kichwa, mabega na mikono viling'aa vyeupe. Kuanzia kiunoni hadi magotini alikuwa mweusi tii, na kando yake mto wa kiti nao ulikuwa mweusi.

"Nguo iliyolowa hupoa," Kipanga alisema taratibu. "Nilimwona tangu droni inapaa. Nenda, dada. Hawarudi kabla ya nusu saa."