Kiti Kinachoamkia

Kwenye treni za mjini, mzee akiingia, kiti alichokalia kijana hutetemeka mpaka kijana ainuke. Kisha kiti chenyewe husema kwa sauti laini, "Shikamoo. Karibu ukae." Kijana husogea pembeni, hana haja ya kusema neno.

Bi Chausiku hukaa, lakini hakuwahi kuitikia. "Mimi siitikii plastiki," humwambia jirani yake.

Jumamosi alikwenda kwa binti yake, Mwanjaa. Sebuleni alimkuta mjukuu wake, Sikudhani, amejinyoosha kwenye kochi, na Mwanjaa amekalia kiti pekee kilichobaki. Wote wawili walimtazama kwa furaha ya kweli. Hakuna aliyeinuka. Bi Chausiku alisimama na kikapu chake cha mihogo mpaka magoti yakaanza kumuuma.

"Mbona hukai, bibi?" Sikudhani akauliza.

"Nikae wapi, mjukuu wangu?"

Msichana akapapasa kochi, akasubiri kidogo. "Halijatetemeka," akasema, akimgeukia mama yake kwa wasiwasi.

"La nyumbani halitetemeki," Mwanjaa akamjibu. "Utusamehe, mama. Mwezi ujao tutanunua linalotetemeka." Naye bado alikuwa amekaa.

Bi Chausiku akatandika kanga yake sakafuni, akaketi.

Jumatatu alipanda treni ingawa hakuwa na pa kwenda. Kijana mmoja akainuka bila kumtazama. Kiti kikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akikipapasa taratibu kwa kiganja.